Wastani na Kati: Misingi ya Takwimu Elezi kwa Wanafunzi wa Kiswahili, kwa Mifano ya Wasso na Wilaya za Ngorongoro na Karatu

1.0 Utangulizi

Neno takwimu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa muda mrefu maana yake ilikuwa kalenda, yaani hesabu ya siku na miezi. Maana hiyo sasa imefifia. Msemaji wa leo anapolitumia neno hili hukusudia mojawapo ya mambo mawili: tarakimu zilizokusanywa kuhusu jambo fulani, kama vile takwimu za sensa au za mavuno; au taaluma inayoshughulika na ukusanyaji, upangaji, ufupishaji na ufasiri wa tarakimu hizo. Taaluma hiyo ina matawi makuu mawili. Tawi la kwanza hueleza data zilizopo mkononi bila kudai lolote kuhusu data zisizokuwepo. Hili ndilo takwimu elezi. Tawi la pili hutumia sampuli ndogo kukisia hali ya kundi kubwa. Mhadhara huu unahusu tawi la kwanza tu.

Zipo sababu mbili za kulijadili suala hili mbele ya wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili. Ya kwanza ni ya kiutendaji. Mwanafunzi wa isimu wa leo huenda uwandani na hojaji, huhesabu matukio ya viambishi katika matini, na hulinganisha makundi ya wasemaji. Tasnifu nyingi hujaa asilimia na wastani, lakini ni chache zinazouliza kama kipimo kilichotumika kinalingana na data.

Sababu ya pili inahusu lugha yenyewe. Istilahi za takwimu katika Kiswahili hazikuzaliwa maabara. Nyingi ni maneno ya kawaida yaliyoazimwa na taaluma huku yakiendelea kuishi maisha yake ya zamani. Mfano ulio muhimu zaidi ni neno wastani. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kati, na katika mazungumzo bado lina maana hiyo: mwanafunzi wa wastani si hodari wala si dhaifu, nyumba ya wastani si kubwa wala si ndogo. Lakini katika hesabu, wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi, na matokeo yake si lazima yakae katikati ya chochote. Msikilizaji anapoambiwa kwamba wastani wa ng'ombe kwa kaya ni 30, husikia kwamba kaya ya kawaida ina ng'ombe 30. Aliyetoa tarakimu huenda hakusema hivyo kabisa. Kati ya usemi na usikivu kuna pengo, na katika pengo hilo maamuzi ya kweli kuhusu watu wa kweli hufanyika.

Mifano ya mhadhara huu imechukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka Wasso, mji mdogo ulio katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, pamoja na wilaya jirani ya Karatu. Wasso inajulikana kwa hospitali yake, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki katika miaka ya 1960. Eneo hili linamfaa mwanaisimu kwa namna ya pekee, kwa kuwa katika wilaya hizi mbili hukutana lugha za asili tofauti kabisa: Kimaasai na Kidatoga, ambazo ni za Kiniloti, Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kitemi cha Wasonjo, ambacho ni cha Kibantu, na Kihadza cha bonde la Ziwa Eyasi, ambacho hakijathibitishwa kuwa na udugu na lugha nyingine yoyote. Kiswahili kimekaa juu ya zote hizo kama lugha ya shule, ofisi, soko na hospitali. Pale ambapo mfano umebuniwa kwa ajili ya kufundishia, jambo hilo limetajwa waziwazi.

2.0 Data na Aina Zake

Kabla ya kukokotoa chochote, ni lazima kujua ni kitu gani kinachohesabiwa. Data zinaweza kugawanywa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni data za majina, ambazo huweka vitu katika makundi yasiyo na mpangilio: lugha ya kwanza ya msemaji, kijiji chake, jinsia yake. Mtafiti anaweza kuandika 1 kwa Kimaasai, 2 kwa Kitemi na 3 kwa Kiswahili ili kurahisisha kazi ya kompyuta, lakini tarakimu hizo ni lebo tu. Kompyuta haitakataa kukokotoa wastani wake na kutoa jibu la 1.8. Hakuna lugha inayoitwa 1.8.

Aina ya pili ni data za ngazi, ambazo zina mpangilio lakini umbali kati ya ngazi haujulikani: anaelewa Kiswahili kidogo, anaelewa kiasi, anaelewa vizuri. Anayeelewa vizuri yuko juu ya anayeelewa kiasi, lakini hakuna awezaye kusema yuko juu kwa kipimo gani. Aina ya tatu ni data za kiasi: umri, idadi ya silabi, idadi ya mifugo, alama za mtihani. Kwa data hizi kujumlisha na kugawanya kuna maana.

Kuna swali jingine linalotangulia hesabu, nalo ni la kisemantiki: kizio cha kuhesabia ni kipi? Hojaji nyingi huuliza kuhusu kaya. Neno hilo linaeleweka kwa urahisi mjini. Katika jamii ya Wamaasai, hata hivyo, yapo maneno kadhaa yanayogombea nafasi yake: enkang, yaani boma zima, ambamo wanaume kadhaa na familia zao wanaweza kuishi, olmarei, yaani familia ya mwanamume mmoja na wake zake, na enkaji, yaani nyumba ya mke mmoja na watoto wake.

Chukua mfano wa kubuni wa mwanamume mmoja mwenye wake watatu, nyumba zao zikiwa na watoto 4, 5 na 6, na ng'ombe 60 kwa jumla. Watu wote ni 19. Mdadisi akichukua olmarei kuwa kaya, ataandika kaya moja yenye watu 19 na ng'ombe 60. Akichukua enkaji kuwa kaya, ataandika kaya tatu zenye wastani wa watu 6.3 na ng'ombe 20 kila moja. Hakuna mtu aliyezaliwa wala ng'ombe aliyeuzwa kati ya hesabu hizo mbili. Kilichobadilika ni tafsiri ya neno moja. Hapa mwanaisimu ana la kumwambia mtakwimu, na si kinyume chake tu.

3.0 Vipimo vya Mwelekeo wa Kati

Mtu akiwa na orodha ndefu ya tarakimu, jambo la kwanza analotaka ni tarakimu moja itakayoziwakilisha zote. Vipo vipimo vitatu vinavyotumika kwa kazi hiyo: wastani, mediani na modi.

Tuseme kaya 11 za kijiji cha kubuni karibu na Wasso zina ng'ombe kama ifuatavyo, kuanzia kaya yenye wachache:

4, 6, 6, 8, 9, 10, 12, 15, 20, 30, 210

3.1 Wastani

Wastani hupatikana kwa kujumlisha thamani zote na kugawanya jumla kwa idadi ya thamani. Jumla ya ng'ombe hapa ni 330, na kaya ni 11. Kwa hiyo wastani ni 330 ÷ 11 = 30.

Maana ya jibu hili ielezwe kwa uangalifu. Linasema kwamba kama ng'ombe wote wangekusanywa katika zizi moja na kugawanywa sawasawa, kila kaya ingepata 30. Ni habari ya mgawanyo ambao haujafanyika. Ndiyo maana wastani unaweza kuwa tarakimu isiyopatikana popote: sensa ya Tanzania ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na ile ya 2012 watu 4.7, ingawa hakuna kaya yenye sehemu tatu za kumi za mtu.

3.2 Mediani

Mediani ni thamani iliyo katikati baada ya thamani zote kupangwa kwa ukubwa. Kwa thamani 11, ya katikati ni ya sita, kwa sababu ina tano kabla yake na tano baada yake. Katika mfano huu mediani ni 10. Idadi ya thamani ikiwa shufwa, huchukuliwa mbili za katikati, hujumlishwa na kugawanywa kwa 2. Inafaa kuona kwamba mediani ndiyo inayobeba maana halisi ya mzizi wa neno wastani. Jina lilikwenda kwa kipimo kimoja, maana ikabaki kwa kingine.

3.3 Modi

Modi ni thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi. Hapa ni 6, iliyojitokeza mara mbili. Modi ndicho kipimo pekee kati ya vitatu kinachofaa kwa data za majina: haiwezekani kutaja wastani wa lugha za kijijini, lakini inawezekana kutaja lugha yenye wasemaji wengi kuliko nyingine.

3.4 Kipi kitumike?

Kijiji hicho kimoja kimetoa majibu matatu: 30, 10 na 6. Yote ni sahihi kihesabu. Tofauti inatokana na kaya moja yenye ng'ombe 210, ambayo ni thamani iliyojitenga. Ikiondolewa, jumla inakuwa 120 kwa kaya 10, na wastani unashuka hadi 12. Mediani inashuka kidogo tu, kutoka 10 hadi 9.5. Wastani husikia sauti ya kila thamani, na mwenye sauti kubwa husikika zaidi. Mediani huhesabu vichwa, wala haijali mwenye kingi ana kingi kiasi gani.

Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Fikiria ofisa anayepaswa kuamua, baada ya janga la namna hiyo, kama kijiji cha mfano wetu kinahitaji msaada. Akisoma katika taarifa kwamba wastani ni ng'ombe 30 kwa kaya, anaweza kuhitimisha kwamba wanakijiji wana akiba ya kutosha. Lakini kaya 9 kati ya 11 ziko chini ya wastani huo, moja iko sawa nao, na moja tu iko juu yake. Kaya moja imezitajirisha kumi katika karatasi bila kuzipa hata ndama. Taarifa iliyoandika kwamba nusu ya kaya zina ng'ombe 10 au pungufu ingemwongoza kwingine. Kanuni ya kawaida ni hii: data zikiwa na thamani zilizojitenga, kama ilivyo kwa mali, mapato na ukubwa wa lugha, mediani itajwe pamoja na wastani, au badala yake.

4.0 Vipimo vya Mtawanyo

Kipimo cha kati, hata kikichaguliwa vizuri, hakitoshi. Chukua madarasa mawili ya kubuni ya shule ya msingi, yenye wanafunzi sita kila moja, waliofanya jaribio la Kiswahili lenye alama 50:

Darasa A: 22, 24, 25, 25, 26, 28
Darasa B: 8, 10, 12, 38, 40, 42

Jumla ya kila darasa ni 150, na wastani ni 25. Mediani nayo ni 25 katika yote mawili; katika darasa B inapatikana kwa (12 + 38) ÷ 2. Mkaguzi anayesoma wastani na mediani peke yake ataandika kwamba madarasa haya yanafanana. Mwalimu anayeingia katika darasa B hatamwona hata mtoto mmoja aliye karibu na 25.

Kipimo rahisi cha mtawanyo ni tofauti kati ya thamani ya juu na ya chini. Katika darasa A ni 28 − 22 = 6; katika darasa B ni 42 − 8 = 34. Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba kinategemea thamani mbili tu za pembeni.

Kipimo kamili zaidi ni mkengeuko sanifu. Hatua zake ni tano. Kwanza, tafuta wastani. Pili, toa wastani katika kila thamani ili kupata mkengeuko wake. Tatu, tafuta kipeo cha pili cha kila mkengeuko, yaani uzidishe kwa wenyewe, ili alama za hasi zitoweke. Bila hatua hii, mikengeuko yote ikijumlishwa hutoa sifuri daima. Nne, jumlisha vipeo hivyo na ugawanye kwa idadi ya thamani; jibu huitwa variansi. Tano, tafuta kipeuo cha pili cha variansi ili kurudi kwenye kizio cha awali, ambacho hapa ni alama za mtihani.

Kwa darasa A, mikengeuko ni −3, −1, 0, 0, 1 na 3. Vipeo vya pili ni 9, 1, 0, 0, 1 na 9, jumla 20. Variansi ni 20 ÷ 6 = 3.33, na mkengeuko sanifu ni takriban 1.8.

Kwa darasa B, mikengeuko ni −17, −15, −13, 13, 15 na 17. Vipeo vya pili ni 289, 225, 169, 169, 225 na 289, jumla 1,366. Variansi ni 1,366 ÷ 6 = 227.67, na mkengeuko sanifu ni takriban 15.1.

Kwa hiyo mtawanyo wa darasa B ni zaidi ya mara nane ya ule wa darasa A. Izingatiwe kwamba hapa kigawanyo ni idadi yote ya wanafunzi, kwa sababu darasa zima limehesabiwa. Pale ambapo data ni sampuli inayotumika kukisia kundi kubwa zaidi, mtafiti hugawanya kwa idadi hiyo pungufu ya moja.

Darasa la namna ya B linaweza kutokea kwa urahisi katika mji kama Wasso. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania tangu 1967. Katika dawati moja anaweza kukaa mtoto wa muuguzi au mfanyabiashara, aliyekua akisikia Kiswahili nyumbani, na mtoto aliyetoka bomani akiwa anajua Kimaasai peke yake. Mwalimu akipanga somo lake kwa kufuata wastani wa 25, atawachosha watatu na kuwaacha nyuma watatu wengine. Hatakuwa amemfundisha yeyote. Mkengeuko sanifu mkubwa haumwambii sababu ya mgawanyiko huo, lakini humwambia kwamba upo, na kwamba achunguze data zenyewe kabla ya kuandika kuwa darasa lina kiwango cha kati.

Istilahi yenyewe inahitaji tahadhari. Katika lugha ya kila siku, kukengeuka ni kuacha njia iliyonyooka, na aliyekengeuka hulaumiwa. Katika takwimu hakuna lawama yoyote: mkengeuko ni umbali tu kutoka kwenye wastani, na mwenye alama 42 amekengeuka sawasawa na mwenye 8.

Vipimo hivi hufanya kazi vilevile kwa data za lugha. Chukua methali Haba na haba hujaza kibaba. Idadi ya silabi katika maneno yake ni 2, 1, 2, 3 na 3. Jumla ni 11, wastani 2.2, mediani 2, na modi ni mbili: 2 na 3. Jumla ya vipeo vya pili vya mikengeuko ni 2.8, variansi 0.56, na mkengeuko sanifu takriban 0.75. Silabi zote 11, bila kuacha hata moja, zina muundo wa konsonanti na irabu. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyohiyo kwa matini mbili za kurasa kadhaa, moja ya gazeti na moja ya sheria, ataweza kusema kwa tarakimu jambo ambalo vinginevyo angelisema kwa hisia tu.

5.0 Asilimia na Wastani wa Wastani

Katika hisabati za shule za msingi, sehemu ya juu ya sehemu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Neno asilimia kwa hiyo linajieleza: ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Faida yake ni kuwezesha ulinganisho wa makundi yenye ukubwa tofauti. Data za sensa za 2012 na 2022 zinatoa mfano mzuri:

Ngorongoro: 174,278 (2012), 273,549 (2022), ongezeko 99,271
Karatu: 230,166 (2012), 280,454 (2022), ongezeko 50,288

Ongezeko la Ngorongoro kwa asilimia ni 99,271 ÷ 174,278 × 100 = 57.0. La Karatu ni 50,288 ÷ 230,166 × 100 = 21.8. Kwa taifa zima, idadi ilipanda kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani ongezeko la asilimia 37.4. Wilaya moja iko juu sana ya taifa, nyingine iko chini yake.

Mtu akitaka ongezeko la wilaya hizo mbili kwa pamoja, atashawishika kuchukua asilimia mbili, kuzijumlisha na kugawanya kwa 2: (57.0 + 21.8) ÷ 2 = 39.4. Jibu hilo si sahihi. Wilaya mbili kwa pamoja zilikuwa na watu 404,444 mwaka 2012 na 554,003 mwaka 2022. Ongezeko ni 149,559, ambalo ni asilimia 37.0. Kosa limetokea kwa sababu Karatu ilikuwa na watu wengi zaidi mwanzoni, kwa hiyo asilimia yake ilistahili uzito mkubwa zaidi. Wastani wa wastani ni halali tu pale makundi yanapolingana kwa ukubwa. Makosa haya huonekana sana katika tasnifu ambamo asilimia za shule yenye wanafunzi 40 na za shule yenye wanafunzi 400 hujumlishwa kana kwamba ni sawa.

Ujazo wa watu ni wastani wa aina nyingine. Wilaya ya Ngorongoro ina eneo la kilomita za mraba 14,036, hivyo mwaka 2022 ilikuwa na watu 19.5 kwa kila kilomita ya mraba. Tarakimu hiyo inachanganya mji wa Wasso, ambako nyumba zinakaribiana, na sakafu ya kreta ya Ngorongoro, ambako hakuna makazi ya wafugaji tangu walipohamishwa katika miaka ya 1970. Anayeisoma bila kujua hayo atadhani watu wametandazwa sawasawa kama mbegu shambani.

6.0 Asili Iliyosahauliwa: Samunge, 2011

Kosa la hatari kuliko yote katika takwimu elezi ni kutaja kiasi bila asili. Wilaya ya Ngorongoro ilitoa mfano wake mkubwa mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, aliyepewa jina la Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Dawa hiyo ilisemekana kuponya maradhi sugu, yakiwemo UKIMWI, saratani na kisukari. Watu walimiminika kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani. Foleni za magari zilienea kwa kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofariki wakiwa njiani au kwenye foleni. Mwasapile mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Mhadhara huu haumhukumu mtu wala imani ya mtu. Swali ni la hesabu: ushahidi uliosafiri ulikuwa wa namna gani? Ulikuwa shuhuda. Aliyejisikia nafuu alisimulia ndani ya basi, sokoni na redioni. Aliyerudi vilevile alivyokwenda hakuwa na habari ya kusimulia. Aliyefariki hakuweza kusimulia.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, watu 10,000 walikunywa kikombe na 200 wakatoa ushuhuda wa nafuu. Shuhuda 200 ni nyingi sana masikioni. Lakini asili yake ni 10,000, kwa hiyo ni asilimia 2. Hata asilimia hiyo haitoshi mpaka iwekwe pembeni ya nyingine: kati ya wagonjwa 10,000 wa aina ileile ambao hawakunywa, ni wangapi walijisikia nafuu katika muda uleule? Maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe. Ikiwa nao ni 200, kikombe hakijaongeza kitu.

Kwa hiyo tarakimu nne zinahitajika: waliokunywa wakapata nafuu, waliokunywa wasipate, wasiokunywa wakapata, na wasiokunywa wasipate. Shuhuda zote za mwaka 2011, hata zingekuwa za kweli moja baada ya nyingine, zilijaza chumba kimoja tu kati ya vinne. Gharama ya vyumba vitatu vilivyobaki vitupu haikuwa ya kinadharia: wapo wagonjwa walioacha dawa za kupunguza makali ya VVU wakiamini wamepona, na wataalamu wa afya walilazimika kuwahimiza warudi kwenye matibabu.

7.0 Lugha Zisizohesabiwa

Mwanaisimu hana haki ya kuyacheka makosa ya wengine, kwa kuwa taaluma yake ina asili zake zilizosahauliwa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kuuliza kabila la mtu. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza kabila, kwa sababu za kitaifa zinazoeleweka. Matokeo yake ni kwamba hakuna hesabu rasmi ya wasemaji wa lugha za Tanzania. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulilazimika kukusanya makadirio yake eneo baada ya eneo.

Katika hali hiyo, wastani hushawishi. Lugha za Tanzania husemwa kuwa zaidi ya 120. Watu 61,741,120 wakigawanywa kwa 120, kila lugha inapata takriban watu 514,500. Ni tarakimu nzuri, na haielezi lugha yoyote. Kisukuma kina wasemaji wa mamilioni. Kihadza kinakadiriwa kuwa na wasemaji takriban 1,000, yaani chini ya sehemu moja ya mia tano ya wastani huo. Mgawanyo wa ukubwa wa lugha unafanana na ule wa ng'ombe katika kijiji cha mfano wetu: wachache wana nyingi, na wengi wana chache. Sera inayojengwa juu ya lugha ya wastani itakuwa imejengwa kwa ajili ya lugha isiyokuwepo. Afadhali mediani, na afadhali zaidi orodha nzima, kuanzia ndogo kabisa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ni wapi kifo cha wazee wachache ni kifo cha sarufi.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeeleza aina za data, vipimo vitatu vya kati, vipimo vya mtawanyo, asilimia na uzito wake, na ulazima wa kutaja asili. Hesabu zenyewe hazizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili. Ugumu hauko katika hesabu bali katika maneno yanayotangulia na yanayofuata: kaya ni nini, nani amehesabiwa, nani ameachwa, na msomaji ataelewa nini akisoma neno wastani.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda uwandani, mapendekezo manne yanafuata. Aeleze kizio chake cha kuhesabia kwa lugha ya wale anaowahesabu. Asitaje wastani bila idadi ya thamani na kipimo cha mtawanyo. Ataje mediani kila data zinapoegemea upande mmoja. Na kila anapoandika kiasi, aandike na asili yake. Kwa waandaaji wa istilahi na vitabu vya kiada kuna pendekezo moja zaidi: neno wastani lifundishwe pamoja na mediani katika somo moja, kwa mfano mmoja, ili mtoto wa Wasso na wa Karatu ajue mapema kwamba kaya iliyo katikati na mgao wa jumla ni mambo mawili, hata kama Kiswahili cha kila siku kinayaita kwa jina moja.